Nani Amechukua Kofia Namba Saba?

Tumpe ana miaka sita. Anaishi na mama yake karibu na msitu, mahali penye mvua nyingi.

Mvua ikinyesha, bati husema taka-taka-taka. Tumpe akisikia hivyo, hujua kwamba huko msituni Mama analowa.

Mama yake Tumpe ni askari wa msitu. Hutembea chini ya miti siku nzima. Huangalia kama kuna mtu anayekata miti bila ruhusa.

Mama ana sare. Ana shati la kijani, suruali ya kijani na buti nyeusi.

Na ana kofia.

Kofia ya Mama ni pama. Imetengenezwa kwa sufu iliyoshindiliwa mpaka ikawa nene na ngumu. Ukingo wake ni mpana, umezunguka pande zote.

Jua likiwaka, ukingo hutoa kivuli. Mvua ikinyesha, ukingo huyapeleka maji pembeni.

Ndani ya kofia kuna namba. Kila askari ana namba yake. Ya Mama ni namba saba.

Siku ya Jumatano, Mama alirudi nyumbani amelowa. Kofia nayo ilikuwa imelowa. Ukingo wake ulining'inia kama sikio la mbuzi.

Mama alipindua sufuria kwenye kibaraza. Akaivika sufuria ile kofia.

"Kwa nini sufuria inavaa kofia?" Tumpe aliuliza.

"Kofia ya sufu ikikauka bila kitu ndani, hujikunja," alisema Mama. "Ikikauka juu ya sufuria, hubaki na umbo la kichwa."

Tumpe alicheka. "Sufuria imekuwa askari!"

"Basi ipigie saluti," alisema Mama.

Tumpe akaipigia sufuria saluti.

Ukutani, hapo hapo kibarazani, kwenye msumari, kulikuwa na kofia nyingine. Hiyo ilikuwa kofia ya zamani ya Mama. Ilikuwa imestaafu, na namba yake ilikuwa imekatwa.

Mama aliipiga brashi. Swi, swi, swi. Aliunyoosha ukingo. Akaitundika tena, safi kabisa.

"Hii ni ya Bibi Subilaga," alisema. "Ameiomba. Atapita kuichukua siku yoyote."

"Kama ameiomba tu, kwa nini unaisafisha?"

"Zawadi haitolewi na vumbi, mwanangu."

Kisha Mama alijitwika ndoo ya mahindi. Tumpe alibeba kifuko kidogo. Wakaenda mashineni kusaga unga.

Mashine ilisema ngrrr, ngrrr. Watu walikuwa wengi. Walisubiri sana.

Waliporudi, jua lilikuwa linazama.

Sufuria ilikuwa palepale kwenye kibaraza. Lakini ilikuwa kichwa wazi.

Kofia namba saba haikuwepo.

Mama alitazama chini ya benchi. Hamna. Alitazama nyuma ya pipa la maji. Hamna. Alitazama juu ya paa. Hamna.

"Labda Bibi Subilaga amepita," alisema Tumpe.

Mama alitazama msumari. "Hapana. Hajapita. Kofia yake hii hapa."

Kweli. Kofia ya zamani ilikuwa bado ukutani. Ilikuwa kavu, safi na nzuri.

Tumpe aliitazama kofia kavu. Aliitazama sufuria.

"Mama," alisema, "ni mwizi gani anayeacha kofia nzuri na kuchukua iliyolowa?"

Mama alitazama tena chini ya benchi.

Tumpe alitazama kulia.
Tumpe alitazama kushoto.
"Mm-mm," alisema. "Hapa kuna jambo."

Jioni hiyo Mama alikula kidogo sana.

"Keshokutwa ni siku ya kupanda miti," alisema. "Kutakuwa na gwaride. Mimi ndiye niliyechaguliwa kubeba bendera."

"Najua," alisema Tumpe. Alikuwa amewaambia watoto wote wa darasa lake. Baadhi yao alikuwa amewaambia mara mbili.

"Mkuu wetu atazishika kofia moja moja. Atasoma namba. Askari asiye na kofia yake hasimami kwenye gwaride."

"Na bendera?"

"Atabeba mwingine."

Mama hakulia. Alichukua buti zake, akazipiga rangi. Alipomaliza, akazipiga rangi tena.

Tumpe alimtazama. Akasema moyoni, "Lazima niipate kofia namba saba."

Alhamisi asubuhi, Tumpe aliamka mapema. Alivaa sare ya shule, akatoka nje kufanya uchunguzi.

Wa kwanza kumwona alikuwa mbuzi wa jirani.

Mbuzi alisimama karibu na kibaraza. Alikuwa anatafuna kitu cha rangi ya kahawia. Na kofia ya Mama ni ya rangi ya kahawia!

Tumpe alimkaribia polepole.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mee," alisema mbuzi.

"Unatafuna nini?"

"Mee."

Tumpe alishika kile kitu, akavuta. Mbuzi naye akavuta. Tumpe akavuta. Mbuzi akavuta.

Chwaap! Kikatoka.

Haikuwa kofia. Ilikuwa soksi. Tena soksi ya Tumpe, aliyokuwa akiitafuta tangu Jumapili.

"Kumbe ni wewe!" alisema Tumpe. "Kofia hukuchukua, sawa. Lakini nitakuangalia."

Tumpe alitazama kulia.
Tumpe alitazama kushoto.
"Mm-mm," alisema. "Hapa kuna jambo."

Kring, kring! Baiskeli ilikuja njiani. Aliyeiendesha alikuwa Babu Ambakisye, muuza maziwa.

Mbele alikuwa amefunga dumu la maziwa. Nyuma alikuwa amefunga kitu cha duara. Kilikuwa kipana, na kilifunikwa kwa khanga.

Tumpe alisimama katikati ya njia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unanitazama kama polisi?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Toba! Nilikuwa nakamua ng'ombe."

"Nani alikuona?"

"Ng'ombe."

"Nikimuuliza, atakubali?"

"Nenda kamuulize," alisema Babu Ambakisye. "Ila usisimame nyuma yake. Ana teke huyo!"

Tumpe hakucheka. Alinyoosha kidole.

"Hicho cha duara ni nini?"

"Ni kitu cha duara."

"Kina ukingo?"

"Kina ukingo."

"Ukingo mpana?"

"Mpana haswa."

Tumpe alisogea karibu zaidi. Babu Ambakisye aliteremka. Aliifungua khanga taratibu.

Ulikuwa ungo. Ungo wa kupepetea mchele.

"Bibi yako kaniagiza," alisema. "Nikirudi bila ungo, leo nalala na ng'ombe." Akauweka ungo kichwani. "Vipi, nafaa kuwa askari?"

"Hapana, Babu," alisema Tumpe. "Huna namba."

Babu Ambakisye alicheka mpaka maziwa yakatikisika. Akapanda baiskeli, akaondoka. Kring, kring!

Shuleni, saa ya mapumziko, Tumpe alimwona Atupele. Atupele anasoma darasa la pili. Amemzidi Tumpe mwaka mmoja, na hapendi mtu asahau hilo.

Leo Atupele alikuwa amesimama peke yake nyuma ya darasa. Alikuwa amevaa sweta. Jua lilikuwa linawaka, naye amevaa sweta!

Na chini ya sweta kulikuwa na kitu.

"Una nini hapo?" Tumpe aliuliza.

"Tumbo," alisema Atupele.

"Jana hukuwa na tumbo."

"Nimekula sana."

Tumbo likasogea.

"Atu, tumbo lako linatembea."

"Halitembei."

"Lina mkia."

Atupele alitazama chini. Mkia mdogo mweupe ulikuwa umetokeza chini ya sweta. Ulikuwa unatikisika.

"Usimwambie mama yangu," Atupele alinong'ona. "Amesema hataki mbwa mwingine nyumbani."

Mtoto wa mbwa alitoa kichwa. Alipiga chafya. Chii!

"Sitasema," alisema Tumpe. "Jana jioni ulikuwa wapi? Kofia ya mama yangu imepotea."

"Ile kofia ya kubebea bendera?" Atupele alicheka. "Wee Tumpe! Wiki nzima umetuchosha. Mama yangu atabeba bendera, mama yangu atabeba bendera. Kumbe hata kofia hana!"

Tumpe aliinama. Alitazama viatu vyake.

Atupele aliacha kucheka. Mtoto wa mbwa alimlamba kidevu.

"Haya, sikiliza," alisema Atupele, sasa kwa sauti ndogo. "Asubuhi nimeona kofia kama ya mama yako. Ilikuwa katikati ya mahindi, kwenye shamba la Bibi Subilaga."

"Ilikuwa imeanguka?"

"Hapana. Imevaliwa. Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Sijui. Sikukaa kumtazama. Nilikimbia."

Tumpe alitazama kulia.
Tumpe alitazama kushoto.
"Mm-mm," alisema. "Hapa kuna jambo."

Kengele ya kurudi nyumbani ilipolia, Tumpe hakwenda nyumbani. Alishika njia ya shamba la Bibi Subilaga.

Mahindi yalikuwa marefu. Yalimzidi Tumpe. Yalimzidi hata Mama.

Na juu ya mahindi, katikati kabisa, kulikuwa na kofia.

Ukingo wake ulikuwa mpana. Rangi yake ilikuwa kahawia. Haikuenda mbele. Haikurudi nyuma. Ilisimama tu.

"Mwizi anajificha humu," Tumpe aliwaza. "Maskini Bibi Subilaga. Hajui kwamba shambani mwake kuna mwizi."

"Hodi," aliita.

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

Kofia iligeuka. Iligeuka polepole, ikamtazama Tumpe.

Miguu ya Tumpe ilitaka kwenda nyumbani. Ilitaka kwenda mbio.

Lakini Tumpe alikumbuka buti za Mama, zilizopigwa rangi mara mbili. Akaingia kwenye mahindi.

Chaka, chaka, chaka. Majani yalimkwaruza mashavu.

Chaka, chaka, chaka. Tumpe alisimama ili asikilize.

Chaka, chaka, chaka.

Lakini Tumpe alikuwa amesimama! Ni nani huyo anayetembea?

Tumpe alifumba macho. Aliruka mbele. Akamkamata mwizi kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Nimekukamata!"

Mwizi hakusema kitu. Kiuno chake kilikuwa chembamba. Kilikuwa chembamba mno.

Tumpe alifumbua jicho moja.

Kiuno cha mwizi kilikuwa mti. Mikono yake ilikuwa mti. Koti lake lilikuwa gunia.

Mwizi hakuwa mtu! Upepo ulivuma, na kofia ikageuka tena, nyiii.

Tumpe alitikisa mti. Kofia ikaanguka, pu. Aliigeuza, akatazama ndani.

Saba.

Hapo hapo sauti kubwa ikatoka nyuma yake.

"Hooo! Hooo! Toka, ngedere we!"

Bonge la udongo likapita juu ya kichwa chake. Vuuu! Likapasuka chini, pa!

"Mimi si ngedere!" Tumpe alipiga kelele.

"Ngedere anaongea?"

"Mimi ni Tumpe!"

"Tumpe gani?"

"Tumpe wa Mama Tumpe!"

"Ngedere wote husema hivyo," ilisema ile sauti. "Toka nikuone."

Mahindi yakafunguka. Akatokea Bibi Subilaga. Kwa mkono mmoja alishika fimbo. Kwa mkono wa pili alishika bonge jingine la udongo.

"Shikamoo, Bibi," alisema Tumpe.

"Marahaba. Ngedere mwenye sare ya shule sijawahi kumwona." Bibi aliangusha udongo. "Unafanya nini kwenye mahindi yangu? Umekuja kuiba?"

"Hapana, Bibi." Tumpe aliinua kofia. "Wewe je? Umeiba kofia ya Mama?"

Bibi alimtazama Tumpe. Tumpe alimtazama Bibi. Hakuna aliyemwamini mwenzake.

"Mama yako amenipa," alisema Bibi. "Aliniambia, hata kama sipo, ichukue kwenye kibaraza. Jana nimepiga hodi mara tatu. Hakukuwa na mtu. Nikaichukua."

"Alikupa ile ya msumarini."

"Ile nzuri?"

"Ndiyo."

"Ile safi, iliyopigwa brashi?"

"Ndiyo, Bibi! Hiyo ndiyo ya zamani. Hii ndiyo ya kazi. Ilikuwa imelowa tu!"

Bibi Subilaga aliketi juu ya tuta.

"Nilikuta kofia mbili," alisema. "Moja nzuri, na moja imelegea kama boga lililooza. Nikawaza, hii nzuri ndiyo ya kazi. Mtu akikufungulia nyumba yake, huchukui kilicho bora. Nikachukua mbaya."

Tumpe alifikiri. Sasa alielewa ni nani anayeacha kofia nzuri na kuchukua iliyolowa. Ni mtu mwenye adabu.

"Lakini Bibi, kofia ni ya nini? Wewe si askari."

Bibi alinyoosha fimbo kuelekea msituni. Kwenye tawi la mti walikuwa wameketi ngedere wanne. Walikuwa wanayatazama mahindi.

"Wale hawaniogopi mimi," alisema. "Nikipiga kelele, wananicheka. Lakini wakiona kofia ya askari wa msitu, hawasogei. Mwaka jana walinibakishia mahindi ya sufuria moja tu."

Ngedere mmoja aliona kwamba kofia haipo tena juu ya mahindi. Akateremka tawi moja.

Bibi aliinuka haraka. "Twende. Mama yako anaisubiri hii, na wale wanasubiri nizubae."

Walitembea upesi. Bibi alibeba kofia kwa mikono miwili, kama yai.

Mama alikuwa ameketi kwenye kibaraza. Alipoiona kofia, alisimama.

"Mwanangu, mwizi ni mimi," alisema Bibi Subilaga.

Akaeleza yote. Mama alisikiliza. Alimtazama Bibi, akaitazama ile kofia msumarini.

"Jamani, mama! Kwa nini hukuchukua ile safi?"

"Wewe nawe! Kwa nini uliisafisha?"

Mama alianza kucheka. Bibi akacheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Tumpe hakucheka. Alikuwa anaikagua kofia.

"Mama," alisema, "angalia."

Usiku uliopita, mvua ilikuwa imeilowesha tena. Ukingo ulikuwa umepinda upande mmoja. Na kunguru alikuwa amekaa juu yake, akaacha uchafu wake mweupe.

Gwaride ni kesho asubuhi. Kofia hii haiwezi kwenda kwenye gwaride.

"Tumpe, chemsha maji," alisema Bibi. "Hapana, wewe mdogo. Lete birika, mimi nitachemsha."

Mama alifuta uchafu wa kunguru kwa kitambaa chenye maji. Alifuta na kufuta mpaka ukaisha.

Birika likachemka. Fuuu! Mvuke ulitoka mdomoni mwake. Mama aliushika ukingo juu ya mvuke. Fuuu! Sufu ikawa laini. Mama akainyoosha kwa vidole.

Upande huu, fuuu. Upande ule, fuuu.

Kisha sufuria ilipinduliwa tena, safari hii mezani, ndani ya nyumba, karibu na jiko. Ikavikwa kofia.

Tumpe alileta mawe. Aliyaosha, akayafuta, akayapanga juu ya ukingo, moja moja, ili ukauke ukiwa umenyooka.

"Itakauka?" aliuliza.

"Hatujui," alisema Mama.

"Tutajua asubuhi," alisema Bibi. Akachukua kofia ya msumarini, ile nzuri. Akaivaa mwenyewe, akarudi shambani mbio. Ngedere hawasubiri asubuhi.

Ijumaa ikafika. Tumpe aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Alikwenda mezani bila viatu.

Aliondoa jiwe moja. Ukingo haukushuka. Aliondoa la pili. Haukushuka. Aliondoa yote.

Ukingo ulisimama sawasawa pande zote. Ulikuwa mkavu.

Mama aliivaa kofia. Ilimkaa vizuri.

"Sasa nipige brashi mgongoni," alisema. Na Tumpe akampiga brashi. Swi, swi, swi.

Uwanjani watu walikuwa wengi. Watoto wa shule walisimama upande mmoja, kila mmoja na mche wake wa kupanda. Atupele alikuwepo. Leo hakuwa na tumbo.

Bibi Subilaga alisimama na watu wazima, mbele kabisa.

Askari walipanga mstari. Kofia zao zilipanga mstari pia, pana, za kahawia, zimenyooka.

Mkuu wao alikuwa Afande Mwasomola. Alikuwa mrefu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipita mbele ya askari mmoja mmoja.

Alimvua askari kofia, akasoma. "Namba tano."

"Yangu, afande!"

"Namba sita."

"Yangu, afande!"

Akafika kwa Mama. Tumpe aliubana mche wake.

Afande Mwasomola alimvua kofia. "Namba saba."

"Yangu, afande!"

Lakini hakumrudishia. Aliisogeza kofia karibu na macho. Aliisogeza karibu na pua. Akanusa.

Akaigeuza. Kitu kidogo kikadondoka chini. Kilikuwa kipande cha jani la mahindi.

Afande Mwasomola alilitazama jani. Kisha akamtazama Mama.

"Askari Tusekile," alisema. "Kofia hii ilikuwa wapi?"

Bibi Subilaga alikohoa.

Mama alisimama wima. Alitazama mbele.

"Kazini, afande."

"Kazi gani?"

"Ilikuwa inalinda, afande. Mchana na usiku."

"Ilimkamata nani?"

"Binti yangu, afande."

Mdomo wa Afande Mwasomola ulitikisika kidogo upande mmoja. Aliipangusa kofia kwa mkono wa shati lake. Akamvisha Mama mwenyewe, akaiweka sawa.

"Chukua bendera," alisema.

Mama alichukua bendera. Ngoma ikalia, dum, dum, dum. Mama akatembea mbele ya wote, na askari wote wakamfuata.

Tumpe hakupiga kelele. Alimtazama tu. Atupele ndiye aliyepiga kelele.

"Yule ni mama yake Tumpe!" aliwaambia watu waliosimama karibu. "Yule mwenye bendera! Mnamwona? Ni mama yake Tumpe!"

Baadaye miti ilipandwa, mia na zaidi. Mikono yote ilijaa udongo.

Jioni Tumpe alioga. Alikula wali na maharage. Akapanda kitandani.

Mama alimfunika blanketi. Miguu ya Mama ilikuwa imechoka, kwa hiyo akaketi kitandani.

"Kofia iko wapi?" Tumpe aliuliza.

"Nje, juu ya sufuria. Manyunyu ya jioni yameilowesha kidogo."

"Kwenye kibaraza?"

"Kwenye kibaraza. Unataka niiingize ndani?"

Tumpe alifikiri kidogo.

"Hapana," alisema. "Iache tu."

Mama akapunguza taa.

Nje, kitu kiliangusha mfuniko wa ndoo. Kwanga-langa-la! Labda alikuwa paka. Labda ulikuwa upepo. Labda alikuwa mtu mwingine kabisa.

Tumpe hakwenda kutazama. Alikuwa ameshalala.